Mti wa Matunda Vitani: Tuanze na Torati, Wasia wa Abu Bakr au Mahubiri ya Mlimani?

Mtu anayeongoza kikundi cha kusoma maandiko, kiwe cha kanisani, cha darsa la msikitini au cha mchanganyiko kama chetu, siku moja ataulizwa kuhusu vita. Ataulizwa kwa sababu redio imetaja mji uliopigwa mabomu usiku, au kwa sababu kijana wa mle ndani ameitwa kwenye usaili wa jeshi na mama yake hapati usingizi. Hapo inambidi achague: tufungue andiko gani kwanza? Mimi niliwahi kuchagua vibaya, na ninaandika haya nikimfikiria atakayekalia kiti hicho baada yangu.

Kosa lilikuwa hili. Niliwaambia wenzangu kila mmoja alete aya au mstari wowote unaohusu vita. Wakristo wakaja na aya ya 5 ya Sura At-Tawba, ile iitwayo aya ya upanga. Waislamu wakaja na Yoshua na maangamizi ya Yeriko. Hakuna aliyeleta andiko lake mwenyewe. Kwa saa mbili tulirushiana maneno matakatifu kama mawe, na watu wawili hawakurudi wiki iliyofuata.

Tangu siku ile sianzi tena na swali la nani alianza vita, wala Mungu alikuwa upande wa nani. Naanza na mti. Jeshi limefika nje ya mji wa adui. Mbele yake kuna shamba la mizeituni, au mitende, au michungwa. Mti hauna silaha, haukula kiapo cha mtu, na vita vikiisha ndio utakaomlisha mtoto wa atakayebaki. Andiko linasema nini juu ya mti huo? Swali linaonekana dogo, lakini dini inayomfikiria mti wakati shoka limeshainuliwa imeshafikiria mengine mengi.

Maandiko ninayoyapima hapa ni matatu: sura ya 20 ya Kumbukumbu la Torati, wasia wa Khalifa Abu Bakr kwa jeshi lililokwenda Sham (Syria na nchi jirani zake), na Mahubiri ya Mlimani katika Mathayo 5. Mwishoni nagusa sheria ya kimataifa, kwa sababu siku hizi hakuna kikundi ambamo mtu hataitaja. Bhagavad Gita ya Wahindu nimeiacha nje kwa makusudi. Ni andiko kubwa, na shujaa Arjuna anayeshusha upinde kwa kuwaona ndugu zake upande wa pili anastahili vikao vyake peke yake. Lakini swali lake ni kama mtu apigane au asipigane, na majibu ya mungu Krishna yanakwenda kwenye wajibu na roho. Mti haumo.

Torati: sheria yenye huruma na ukatili katika ukurasa mmoja

Kumbukumbu 20 inaanza kwa namna ambayo askari yeyote wa leo angeishangaa. Kabla ya vita maofisa wanasimama mbele ya watu na kuwarudisha baadhi yao nyumbani: aliyejenga nyumba mpya na hajaiweka wakfu, aliyepanda mizabibu na hajala matunda yake, aliyeposa mke na hajamwoa. Kisha anarudishwa na mwenye hofu, asije akaiyeyusha mioyo ya wenzake. Sura ya 24 inaongeza kwamba aliyeoa karibuni asiende vitani mwaka mzima, akae amfurahishe mkewe. Jeshi linalosamehe waoga na wachumba haliwezi kuwa jeshi la mtawala anayependa vita.

Mstari wa 10 unataka mji utangaziwe amani kwanza. Halafu ndiyo inakuja mistari ya 19 na 20, ambayo mimi huisoma mara mbili kikaoni. Mkiuzingira mji siku nyingi, msiiharibu miti yake kwa shoka, maana mtakula matunda yake. Andiko linauliza kama mti wa shambani ni mtu, hata nao uzingirwe. Mti usioliwa unaweza kukatwa kwa kujengea maboma ya kuuzingira mji. Mti unaoliwa, hapana. Kutoka mstari huo walimu wa Kiyahudi walijenga katazo zima la kuharibu ovyo kitu chochote chenye manufaa, hata wakati wa amani, na katika karne ya 12 mmoja wao, Maimonides, akaandika kwamba mji usizingirwe pande zote nne, uachwe upande mmoja ili anayetaka kukimbia akimbie.

Lakini ukurasa ni uleule. Mstari wa 11 unasema mji ukikubali amani watu wake watafanyishwa kazi ya shokoa. Wa 13 unasema ukikataa, wanaume wake wote wauawe, na wa 14 kwamba wanawake na watoto ni nyara. Na mistari ya 16 na 17 inaitaja miji ya Wahiti, Waamori, Wakanaani na wenzao, na kuamuru kisiachwe hai chochote chenye pumzi. Yaani kuna mji ambamo mchungwa ungesalimika na mtoto aliyekuwa akiupanda asisalimike. Sijui njia ya kuusoma ukurasa huo bila kunyamaza kidogo, na sidhani kiongozi anapaswa kuwaharakisha watu kupita hapo.

Jambo jingine lililo muhimu zaidi kwa anayechagua: sheria ya mti ilivunjwa ndani ya Biblia yenyewe. Katika 2 Wafalme 3, nabii Elisha anawaambia wafalme wanaokwenda kupigana na Moabu kwamba watakata kila mti mzuri, wataziba chemchemi zote, na kuharibu kila konde zuri kwa mawe. Na walifanya hivyo. Wafasiri wa Kiyahudi walihangaika na sehemu hiyo kwa karne nyingi, baadhi wakisema ilikuwa ruhusa ya saa ile peke yake. Elisha huyohuyo, sura tatu mbele, anapoulizwa na mfalme kama awaue mateka wa Shamu, anakataa na kuagiza waandaliwe chakula, wakala, wakanywa, wakarudishwa kwa bwana wao. Mistari hiyo miwili, 22 na 23 ya sura ya 6, ni ya thamani kubwa kikaoni. Inaonyesha nabii mmoja akiwa na mikono miwili.

Faida ya kuanza na Torati ni kwamba Mkristo na Mwislamu wote wanaiheshimu, na hakuna kati yao anayejiona kuwa ndiye mshitakiwa. Hasara ni kwamba unahitaji muda. Ukiwa na kikao kimoja tu, watu wataondoka na mti peke yake au na maangamizi peke yake, na vyote viwili ni nusu ya andiko.

Wasia wa Abu Bakr: amri fupi kuliko zote

Mwaka 634 hivi, Khalifa Abu Bakr aliyatuma majeshi Sham. Imam Malik, katika kitabu chake Muwatta, amepokea habari za khalifa huyo akimsindikiza mmoja wa makamanda, Yazid bin Abi Sufyan. Yazid alikuwa juu ya mnyama, Abu Bakr anatembea kwa miguu. Yazid akasema ama khalifa apande ama yeye ashuke. Abu Bakr akajibu kwamba wewe hushuki na mimi sipandi, hatua zangu hizi nazihesabu kuwa ni katika njia ya Mwenyezi Mungu. Mkubwa wa dola yuko chini vumbini, na kutoka hapo chini anatoa amri.

Amri ni kumi. Msimuue mwanamke, wala mtoto, wala mzee aliyechoka. Msikate mti wenye matunda. Msibomoe mahali panapokaliwa. Msichinje kondoo wala ngamia isipokuwa kwa kula. Msichome nyuki wala kuwatawanya. Msiibe ngawira, wala msiwe waoga. Na kabla ya hizo kumi, maneno juu ya watawa: mtawakuta watu wanaosema wamejifunga kwa ajili ya Mungu, waacheni na hicho walichojifungia.

Hao nyuki ndio ninaowapenda. Baadhi ya waliopokea maneno haya wamesoma kwamba ni mitende, kwa kuwa katika Kiarabu tofauti ya nyuki na mitende ni nukta moja juu ya herufi. Ama iwe nyuki ama mitende, kamanda ameambiwa kwamba anakopita kuna vitu vinavyozalisha chakula na yeye hana ruhusa navyo.

Kwa mafunzo, hakuna andiko jepesi kushika kuliko hili. Askari anaweza kulikariri. Mtoto wa darasa la tano anaweza kulielewa. Si hoja, ni amri, na ni mkubwa anayeitoa kwa mdogo wake kabla damu haijamwagika.

Ila si Qur'ani. Ni neno la sahaba, na wanazuoni hawakulipokea kwa namna moja. Ukilifundisha bila kusema hivyo unawadanganya watu. Qur'ani yenyewe, katika Al-Baqara 190, inaamuru kupigana na wanaowapiga bila kuvuka mipaka. Al-Maida 8 inaonya chuki ya watu isiwafanye mkaacha uadilifu. Al-Hajj 39 na 40 inatoa idhini kwa waliodhulumiwa, na inataja mahekalu ya watawa, makanisa na masinagogi pamoja na misikiti kuwa mahali ambapo jina la Mwenyezi Mungu hutajwa sana. Lakini juu ya mti iko Al-Hashr 5. Ilipozingirwa ngome ya Banu Nadhir, kabila la Kiyahudi, karibu na Madina, mwaka wa 4 wa Hijra, baadhi ya mitende yao ilikatwa, na aya ikateremka ikisema mtende mlioukata na mliouacha umesimama, vyote ni kwa idhini ya Mwenyezi Mungu.

Unaona mfanano? Torati ina katazo na ina Elisha kule Moabu. Uislamu una wasia wa Abu Bakr na una mitende ya Banu Nadhir. Imam Al-Awza'i, aliyefariki Beirut mwaka 774, alishikilia katazo: Abu Bakr aliijua aya kuliko sisi, na bado akakataza. Imam Shafi'i aliona kukata kunaruhusiwa vita vikihitaji, na kwamba Abu Bakr alikataza kwa kuwa alijua Sham itafunguliwa na miti ile itakuwa mali ya Waislamu. Waislamu wengi wa pwani yetu, kutoka Lamu mpaka Kilwa, ni wafuasi wa Shafi'i. Kwa hiyo mkiujadili mti Tanga au Mombasa, mnajadili jambo ambalo imamu wa watu walioketi hapo alilitolea kauli yenye mlango wazi. Waambieni. Wanaweza kulibeba.

Na kuhusu ile At-Tawba 5 iliyotuvunjia kikao: soma aya tatu kwa pamoja. Ya 4 inawatoa nje washirikina waliotimiza mikataba yao. Ya 6 inasema mmoja wao akikuomba hifadhi, mpe, asikie maneno ya Mwenyezi Mungu, kisha mfikishe mahali pake pa amani. Siyo kumwacha aende tu. Mfikishe. Aya ya 5 haifutiki kwa hilo, ila inakaa katikati ya majirani zake.

Mahubiri ya Mlimani: andiko lisilo na mti

Hapa ulinganisho unabadilika sura. Mathayo 5 haina neno juu ya mti wa adui kwa sababu haimwazii msikilizaji akiwa nje ya mji na shoka. Inamwambia asishindane na mtu mwovu, ageuze shavu la pili, ampende adui yake na kumwombea anayemtesa. Katika Mathayo 26 Yesu anamwambia aliyechomoa upanga kumtetea aurudishe mahali pake. Luka anaongeza kwamba aliliponya sikio lililokatwa.

Wakristo wa karne za mwanzo walikuwamo walioliishi andiko hili kwa maana yake ya wazi. Mwaka 295 kijana Maximilian aliuawa huko Tebessa, Algeria ya leo, kwa kukataa kuandikishwa jeshini. Waquaker walimwandikia mfalme wa Uingereza tamko lao la kukataa vita mwaka 1660, na Wamenoniti wamekuwa na msimamo huo tangu karne ya 16. Makanisa hayo mawili si ya mbali. Waquaker walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo magharibi mwa Kenya ndiko waliko wengi kuliko popote duniani. Wamenoniti walianza Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934. Ukiwa Kisumu au Musoma, unaweza kumwalika mtu ambaye hilo kwake si nadharia.

Mimi naliheshimu andiko hili kuliko ninavyoweza kulitii. Lakini kwa kazi ya kuchagua lazima niseme lilivyo: linamjibu vizuri sana mtu mmoja anayejiuliza kama ashike bunduki, na linamwacha kamanda bila maelekezo. Yohana Mbatizaji, katika Luka 3:14, aliwaambia askari wasimdhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watosheke na mishahara yao. Ni mstari mmoja, na ni mzuri, lakini wa kuongoza kampeni hautoshi. Wakristo walipopata dola katika karne ya 4, nafasi hiyo tupu ilijazwa na wanateolojia. Augustine, askofu wa Hippo, alimwandikia jenerali Boniface kwamba hata akipigana awe mtu wa kutafuta amani, na mateka aonewe huruma. Alifariki mwaka 430 mji wake ukiwa umezingirwa na Wavandali, kwa hiyo hakuwa akiandika juu ya vita akiwa mahali salama. Karne ya 13 Thomas Aquinas akaweka masharti matatu: mamlaka halali, sababu ya haki, nia njema. Ukiyatazama yote matatu, yanahusu kuingia vitani. Ukishaingia, mti bado hauna wakili.

Yerusalemu, mara tatu

Andiko lolote utakalochagua, lipeleke Yerusalemu. Ni mji mmoja uliozingirwa mara nyingi na watu wa dini zote tunazozitaja, na ndipo ulinganisho unapoacha kuwa wa maneno.

Mwaka 70 Warumi wa jenerali Tito waliuzingira. Josephus, Myahudi aliyekuwa kambini mwao, anaeleza kwamba miti ilikatwa yote kuuzunguka mji kwa umbali wa stadia 90, yaani kama kilomita 16, na kwamba mgeni aliyepajua zamani angefika asipatambue. Lile swali la Torati, kama mti ni mtu hata uzingirwe, hapo lilipata jibu la Kirumi.

Julai 15, 1099, Wapiganaji wa Msalaba, Wakristo kutoka Ulaya, waliingia. Waliwaua Waislamu na Wayahudi, wanaume, wanawake na watoto. Raymond wa Aguilers, kasisi aliyekuwa na jeshi hilo, aliandika kwamba watu walikwenda farasini ndani ya damu iliyofika magotini na kwenye hatamu. Damu kufika kwenye hatamu za farasi ni maneno ya Ufunuo 14:20. Huenda hakuwa akipima kina cha damu. Alikuwa akichukua andiko na kulivika mauaji, na hilo kwangu ni zito kuliko kipimo.

Oktoba 2, 1187, Salahuddin, sultani wa Waislamu, aliuchukua tena bila mauaji ya jumla. Watu waliruhusiwa kujikomboa, dinari 10 kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke. Ndugu yake, Al-Adil, aliomba apewe maskini 1,000 wasioweza kulipa, akawaachia huru palepale. Waislamu hupenda kuusimulia mwaka huu, na wana haki. Lakini usimulie wote. Masharti yale yalipatikana baada ya Balian, aliyeutetea mji, kutishia kuwaua mateka Waislamu na kuharibu mahali patakatifu. Maelfu walioshindwa kulipa walichukuliwa utumwani. Na miezi mitatu kabla, baada ya vita vya Hattin, Salahuddin aliamuru mateka wa Hekalu na wa Hospitali, yaani watawa wapiganaji wa Kikristo, wauawe, ilhali Sura Muhammad aya ya 4 inataja mateka kuachiwa kwa hisani au kwa fidia.

Miaka 4 baadaye, mfalme Richard wa Uingereza akawaua mateka Waislamu wapatao 2,700 nje ya Akka.

Hapo ndipo nilipojifunza kanuni ambayo sasa naitangaza kabla ya kikao kuanza: sheria hulinganishwa na sheria, na uvunjaji na uvunjaji. Anayeleta Mahubiri ya Mlimani mbele ya Hattin amedanganya. Anayeleta wasia wa Abu Bakr mbele ya 1099 naye amedanganya. Na wa kuleta uvunjaji ni mwenye dini yake. Mkristo alete 1099. Mwislamu alete Hattin. Mtu akitoa aibu ya nyumbani kwake mwenyewe, mwenzake hana jiwe la kurusha.

Umatumbi, 1905

Katika kikundi chetu yumo mzee mmoja, asili yake Umatumbi, kusini-mashariki mwa Tanzania, ambaye kwa vikao vitatu hakusema neno. Siku niliposoma Kumbukumbu 20:19 aliinua mkono.

“Mwalimu, huo mti hapo umeandikwa kweli?”

“Umeandikwa, Mzee wangu. Mstari wa 19.”

“Basi Wajerumani walikuwa na Biblia gani?”

Nikamwambia, “Hiihii.”

Akatusimulia aliyoyasikia kwa bibi yake, aliyekuwa msichana mdogo miaka ile. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905, watu wa Nandete walipong'oa pamba ya kulazimishwa. Waling'oa kisicholiwa. Walijibiwa kwa kuchomewa kinacholiwa. Kapteni Wangenheim alimwandikia gavana Götzen mwaka uleule kwamba mapigano peke yake ni tone baharini, na kwamba ni njaa na dhiki tu zitakazowafanya watu wasalimu amri kabisa. Mashamba yakachomwa, maghala yakachomwa, mbegu zikachukuliwa. Takwimu za serikali ya Kijerumani zilitaja vifo 75,000. Mwanahistoria Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi.

Kwa kanuni yangu mwenyewe nilipaswa kusema na upande wa pili, nikasema: Agosti 1905 wapiganaji walimuua Askofu Cassian Spiss akiwa safarini pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Hawakuwa askari. Yale maneno ya Abu Bakr juu ya watu waliojifunga kwa ajili ya Mungu yangewahusu. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akasema hilo nalo kwao lilisimuliwa, ila kwa sauti ya chini.

Sheria ya 1977

Mtu atasema dini zimeshindwa, tuchukue sheria ya kimataifa. Si wazo baya. Itifaki ya Nyongeza ya Kwanza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, katika kifungu cha 54, inakataza kuwanyima raia chakula kama mbinu ya vita, na inataja kwa majina vyakula, mashamba, mazao, mifugo na mifumo ya maji. Ilikuja baada ya vita vya Vietnam, ambako ndege za Marekani zilimwaga zaidi ya lita milioni 70 za dawa ya kuua mimea kati ya 1962 na 1971, nyingine kwa makusudi juu ya mazao. Tanzania na Kenya zimejiunga na itifaki hiyo. Marekani ilitia saini na haijairidhia.

Ubora wake ni kwamba haimuulizi mtu dini yake. Upungufu wake kikaoni ni kwamba hakuna anayeipenda. Sijawahi kumwona mtu akilia kwa kusoma kifungu cha 54, na nimemwona mzee akilia kwa mstari wa 19. Na hata sheria hii ina mlango: aya ya 5 ya kifungu hicho inairuhusu nchi kuharibu vitu hivyo ndani ya ardhi yake yenyewe inayoidhibiti, dharura ya kijeshi ikilazimisha. Kwa Moabu kulikuwa na Elisha, kwa Banu Nadhir kulikuwa na idhini, na Geneva kuna dharura.

Basi uchague lipi

Kama mbele yako yuko kijana mmoja anayejiuliza kama ajiunge na jeshi, mfungulie Mathayo 5, ulisome naye polepole, na Luka 3:14 baada yake kama ameamua kwenda. Usimpe Torati siku hiyo.

Kama ni askari, polisi, au mgambo, wasia wa Abu Bakr hauna mpinzani, hata kama hakuna Mwislamu hata mmoja chumbani. Mkristo hapungukiwi kitu kwa kuusoma. Mweleze tu kwamba ni neno la khalifa na si aya, umtaje Awza'i, umtaje na Shafi'i.

Kama ni raia wanaotaka kuihoji serikali yao au kuandika barua kwa mbunge wao, nenda na kifungu cha 54, kwa sababu mbunge hawezi kukujibu kwamba hiyo ni dini yako.

Kama ni kikundi cha mchanganyiko, anza na Kumbukumbu 20 yote, mistari 20 bila kuruka hata mmoja. Si kwa kuwa ndiyo bora. Kwa usafi wa amri, Abu Bakr anaizidi mbali. Ni kwa kuwa huruma na ukatili vimo katika ukurasa mmoja, na hakuna anayeweza kusema hayo ya pili ni ya jirani. Wiki ya pili uweke wasia wa Abu Bakr kushoto na Al-Hashr 5 kulia, asome Mwislamu vyote viwili. Wiki ya tatu 1099, asome Mkristo. Wiki ya nne msifungue kitabu. Mtafuteni mzee au bibi ambaye wakubwa wake walimsimulia njaa ya vita, mpeni kiti karibu na dirisha ili sauti isipotee, na muda wote uwe wake.